Papa, Nimeomba Nyongeza

Papa yangu mpendwa,

Jumatatu niliingia kwa wakili wetu, yule ambaye sote tunamwita Maître, nikamwomba aniongeze mshahara. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu kiti ninachokalia ni chako na kazi ni ileile: kupokea wateja, kuandika barua za mahakamani, kukimbilia kwa karani kuulizia tarehe za kesi.

Unakumbuka Jumapili zetu pale nyumbani Katoyi? Ukitoka misa, kabla hujavua koti, uliniketisha kwenye kiti niwe Maître, wewe ujizoeze kuomba nyongeza. Nilikuwa na miaka tisa, nimekunja nne, nimekunja na uso. "Maître, niko na kamambo kadogo," ulianza, na sauti ilitetemeka kweli, mbele ya mtoto wako mwenyewe! Mimi nilikupa nyongeza palepale, Mama akicheka. Kesho yake jioni ulirudi kazini na mfuko wa maharage, ukasema: "Alikuwa na mambo mingi leo. Mwezi inakuya nitamwambia." Maître alitoa maharage, alitoa dawa, siku nyingine koti lake kuukuu. Ulimshukuru mno hata ukakosa uso wa kuomba. Hilo liliniudhi tangu utoto, Papa, sikufichi.

Ulipofariki, jeneza alilinunua yeye. Mimi nami nikaona aibu kufungua kinywa, miaka mitatu nzima.

Mwezi uliopita nilikuwa naandika karatasi ya gharama za kudai kwa mzee mmoja wa Masisi mwenye kesi ya shamba. Maître akaniambia niongeze na bei ya tafsiri. Mkono ulisimama. Kumbe kugeuza kwetu Kinyarwanda cha wazee wale kuwa Kifaransa cha mahakama kuna bei! Wewe ulituambia ni kusaidia tu.

Nikauliza wenzangu wawili wa ofisi nyingine. Walinieleza kwamba anayeandika hoja mwenyewe, anayejua lugha za wateja na mwenye miaka kazini hulipwa zaidi, na kwamba ofisi yenye wateja wa kampuni hulipa kuliko ile ya kesi za mashamba. Basi sikuomba mshahara wa huko. Nilitaja kazi ninazofanya, nikataja kiasi kinacholingana na ofisi yetu.

Maître alivua miwani. "Papa yako alikuwa ndugu yangu. Hakunilombaka nyongeza ata siku moya."

"Alikuwa anaogopa, Maître," nikasema. "Kila mwezi alitaka kukulomba, anaogopa."

Nisamehe, Papa. Siri yako niliitoa mbele ya mtu ambaye ulitaka akuone umeridhika.

 Maître akachukua kalamu, akaandika kiasi nilichotaja, akatia sahihi. Akasema bila kuinua macho, "Kama angenilomba, ningemupatia."

Mama nimemwambia mshahara umepanda, basi. Maneno hayo ya Maître sikumwambia, wala sitamwambia. Kama ni uongo, basi nafanya kazi kwa mtu aliyenidanganya juu ya marehemu. Kama ni kweli, dada yangu Riziki alikosa karo akaacha shule kwa sababu ya sentensi moja ambayo hukuisema.

Kila siku namwomba Mungu iwe ni uongo.

Pumzika, Papa. Nakupenda na koti lako na woga wako.

Binti yako wa mwisho