Kabichi za Profesa Hirabayashi

Nagoya, 8 Oktoba 1993

Baba mpendwa,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje na kiti kile cha lori? Na huko milimani baridi imeshaanza kuuma? Mimi mzima, ila nimechoka.

Tangu nipewe meza katika maabara ya Profesa Hirabayashi, kazi yangu huisha saa kumi na mbili jioni. Lakini siondoki. Profesa yuko ofisini mwake, kwa hiyo Kusaka, mwanafunzi mkubwa wetu aliye mwaka wa tatu hapa maabara, hainuki. Kusaka hajainuka, sisi wa mwaka wa nne tutainukaje? Tunaosha chupa zilizo safi. Juzi mwenzangu Iwao aliisoma kalenda ya ukutani mpaka Desemba. Ya kuagia ni maneno mawili tu, "Samahani, nawatangulia," na hakuna mwenye ubavu wa kuyasema.

Nafika chumbani saa nne, nakula wali wa baridi nimesimama. Asubuhi nasinzia darasani, mchana naharibu majaribio. Baba, usinikasirikie. Mwisho wa mwezi huu nataka kuacha chuo. Mama usimwambie kwanza.

Bintiyo,
Chinatsu

Kituo cha madereva, Suwa, 13 Oktoba

Mwanangu Chinatsu,

Salamu nyingi, kama kabichi nilizobeba. Mgongo upo, unalalamika, naongeza sauti ya redio. Wewe unakula? Wali wa baridi si chakula, hiyo ni adhabu.

Sikiliza, unaongea na mwanamume aliyeendesha lori toka Aomori mpaka Kagoshima. Hakuna supu ya tambi njiani isiyonijua kwa jina. Shule niliiacha nina miaka kumi na mitano, na walimu walishukuru. Kwa hiyo wewe kuingia chuo, mwanangu, nilitangaza kila mahali. Muuza mafuta anajua. Kinyozi anajua. Hata trafiki aliyenisimamisha nilimwambia, "Afande, binti yangu anasoma kemia." Akasema, "Hongera mzee," akaniandikia faini.

Lakini hizo ni sifa zangu, uchovu ni wako. Ukiacha, nitakuja kukuchukua mwenyewe, nipige honi mtaa mzima wadhani ni harusi. Ila nieleze jambo moja, maana kichwa changu hiki ni cha lori: huyo Profesa naye anangoja nini?

Baba yako

Nagoya, 17 Oktoba

Baba,

Natumaini u mzima. Anachongoja hakuna anayejua, na hayo hayaulizwi. Tafadhali, usije maabara. Nakujua.

Chinatsu

Nagoya, kwenye maegesho, 22 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo tena? Usinune. Ulisema nisije maabara, na sikuja maabara. Niliishia kwenye ngazi.

Nilikuwa nimebeba sanduku la kabichi nikuachie kwa bawabu. Kwenye ngazi namkuta mzee mwembamba anavuta sigara, kila mara anatazama saa. Nikamwambia, "Mzee mwenzangu, saa hiyo haitakimbia, itazame polepole." Akacheka. Nikampa kabichi moja, nikamuuliza kwa nini haendi kwake.

"Nitaendaje?" akasema. "Nina wanafunzi wenye bidii ya kutisha. Kila jioni wapo tu, wanaosha vyombo. Nikitoka wataona siwajali. Mke wangu siku hizi haniwekei hata supu."

"Kwani wewe ni nani?"

"Hirabayashi."

Chinatsu, nimegombana na wabeba mizigo wa bandari tatu, lakini sijawahi kubana kicheko namna ile. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi wake. Ulimi uliniwasha kumwambia. Nikaumeza. Nikisema mimi, leo atakwenda kwao kwa neno la dereva, na kesho mtakaa tena mnaosha chupa. Hilo ni la kusemwa na mtu wa ndani, mmoja wenu. Na usione haya kuogopa. Mimi ninayejigamba hivi, kwenye ghala hupanga foleni ya malori nusu siku nzima bila kuuliza tunangoja nini.

Kabichi ziko kwa bawabu. Chemsha supu.

Baba yako

Nagoya, 1 Novemba

Baba mpendwa,

U mzima? Mgongo je? Nimekawia kujibu kwa sababu nilibeba barua yako mfukoni siku kadhaa, kila jioni nikiinuka kidogo, kisha nakaa.

Alhamisi nikasimama wima. Sauti ikatoka kama ya paka: "Samahani, nawatangulia." Iwao akaangusha chupa. Kusaka akanitazama kama niliyetukana. Mlango wa ofisi ukafunguka, Profesa akatokea. Koti alikuwa ameshalivaa, Baba. Sijui alilivaa tangu saa ngapi. Akasema, "Ah, basi na mimi," akatupita mbio, hata taa hakuzima.

Kusaka alikaa akitazama mlango ule. Kisha akasema taratibu, "Miaka mitatu." Akachukua mkoba wake.

Nilifika chumbani nikachemsha kabichi. Sikuimaliza, nilisinzia nimeshika kijiko, nikaamka asubuhi koti likiwa mwilini. Uchovu haujaniisha, na kama nitafika Machi, tutakapohitimu, sijui. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa jana, na kuacha chuo sikuacha.

Naandika mezani kwangu, maabara. Saa kumi na mbili imefika. Hakuna aliyeinuka, wote wananitazama mimi.

Ngoja niwaage.

Bintiyo,
Chinatsu