Kigelegele alichopigiwa Mwanaidi

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ruaruke tu wazima, ila nimechoka. Mpunga unataka palizi, na bibi yako wa ukoo, yule mdogo wangu wa kunisaidia shambani, bado ananyonyesha.

Unasema yule fundi cherehani wako mpya hununa ukimsifia mbele ya wenzake, nawe unataka kumwachisha kazi. Ngoja kwanza. Dada yangu alipoolewa, niliwasimamia wasichana wawili kusuka ukili wa mkeka wake. Nilimpigia Zuhura kigelegele, akazidi kasi. Nikampigia na Mwanaidi. Akaweka ukili chini, akaenda kwao, na harusi ilikuwa Ijumaa.

Nikamfuata.

"Mbona umenisuta mbele ya watu?" akaniuliza.

"Nimekusifu, shoga."

"Kwetu kigelegele cha ghafla ni cha kusuta mtu. Mimi niachie kazi yangu, ninyamazie."

Kesho yake akarudi. Nikamwekea ukindu wa rangi, wa zile nakshi ngumu, nikakaa kando yake kimya. Akasuka mpaka adhuhuri, kisha bila kuinua macho akasema, "Lete mwingine."

Basi na wewe, mke mwenza, mpe kitambaa kile kigumu kushona kuliko vyote, umsalimie tu, uendelee na yako. Naamini atabaki.

Bibi yako,
Mwajuma