Kibao cha Mkono wa Mama

Githongo, Meru
9 Agosti, 2024

Mpendwa dada yangu Kinya,

Salamu kutoka huku mlimani, ambako ukungu wa Agosti umekataa kuondoka. Hujambo? Shemeji Ngari naye, mgongo bado unamsumbua, au umeshazoea baridi ya Kanada? Nakuandikia kwa Kiswahili ili huyo Mwembu wako asiyejua Kimeru ajisomee mwenyewe, maana ukimtafsiria utanipunguzia ukali, nami sitaki kupunguzwa. Sisi tu wazima. Mahindi hayakufanya vizuri. Kahawa yetu inaendelea kunenepesha watu wasiojua hata rangi ya maua yake, lakini hayo nimeshawaandikia wenye magazeti.

Najua ndugu yetu Mugambi amekupigia simu. Amekuambia kwamba kaka yako mkubwa ameingiza mashetani nyumbani kwa mama, na kwamba Jumapili watu wa maombi watakuja kukichoma kifaa chake, wewe ukikubali. Mimi na yeye tumepingana, kwa hiyo neno lako ndilo litakaloamua. Usilitoe kabla ya kumaliza barua hii, ninayokutumia kwa barua pepe ili ikufikie leo.

Mama alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala kama mali ya mtu mwingine, na ulimi ukafungika. Hospitalini walituonyesha picha ya kifaa cha kuegemezea mkono, ambacho juu yake mgonjwa huusukuma pande zote bila kuubeba. Bei yake ingenunua ng'ombe na ndama wake. Nikamuuliza mtaalamu wa mazoezi, ndani mna nini? Akanijibu, "Mzee, hiyo ni teknolojia." Hilo ni jibu la mtu ambaye hajawahi kufungua droo.

Kwa maana ni droo tu, Kinya. Nilikwenda kwa fundi Lennox pale Kinoru, tukanunua jozi mbili za reli za droo. Jozi ya kwanza tuliifunga juu ya meza, iende mbele na nyuma. Juu yake tukaweka plaiwudi, na juu ya plaiwudi jozi ya pili, ya kulia na kushoto, kisha kibao chenye sponji ya godoro kuukuu. Hapo ndipo mkono unapolala. Mwanzoni kilikwama, kwa kuwa ni vigumu reli mbili kuwa sambamba kabisa. Lennox akanicheka: "Mwalimu, hii ni meza ama ni bunge? Kila mmoja anavuta kwake." Basi nikaikaza reli moja, na mwenzake nikaitoboa matundu marefu ili ijitafutie njia yenyewe. Tangu hapo ukikipuliza kinatembea.

Siku za kwanza Purity, binti anayemtunza mama, ndiye aliyeusukuma ule mkono. Halafu mkono ukaanza kwenda wenyewe. Ni kila alasiri, ukungu ukifika dirishani. Unakwenda mbele vidole vikiwa vimetawanyika, unarudi kifuani, unasogea kando kidogo, kidole gumba kinatupa kitu ambacho hakipo. Nilitazama nikaijua kazi ile, na wewe ungeijua kabla yangu. Mama alikuwa anageuza kahawa kwenye meza za kukaushia kule kiwandani, akitoa mbovu, kama zamani tulipokuwa tukimsubiri baada ya shule.

Utakumbuka pia kwamba hakuifanya kazi hiyo peke yake. Upande wa pili wa meza alisimama rafiki yake Kaari, tuliyemwita shangazi, ambaye tulimzika mwaka juzi. Mama alikuwa akifika katikati anangoja, Kaari anageuza upande wake, ndipo mama anaendelea. Kahawa ikikauka waliifunika, wakaondoka pamoja.

Sasa mkono wa mama hufika katikati ukangoja. Wakati huo huwa umelegea kabisa. Nimeushika mwenyewe, hauna nguvu ya kusukuma karatasi. Ndipo kibao kinapovutwa. Kinakwenda taratibu upande ule ambao hauna mtu, mkono ukiwa umelala juu yake, kisha kinarudishwa.

Unanijua. Nimebishana na wachungaji redioni mpaka simu zikakatwa. Nilisema ni mteremko, nikaleta pimamaji: meza imelala sawasawa. Nikaigeuza meza, mbele ikawa nyuma. Kibao kikaenda kule kule. Nikapiga kabari chini ya miguu ya upande ule, ili kuufikia iwe ni kupanda. Kikapanda, kwa mwendo wake ule ule, nami nimekaa nakitazama. Mwishowe nikaweka kiti changu upande wa pili, ili kama kuna mtu anikute. Kibao kilipofika mbele yangu kilikuwa na harufu ya kahawa mbichi iliyochacha, na vidole vyangu vikaingia baridi hadi kwenye kucha. Purity aliomba ruhusa kwenda kwao Kianjai. Hajarudi.

Lakini vidole vya mama vimepata joto, na daktari mwenyewe amekiri kwamba mkono unaamka. Mugambi anauliza ni nani anayevuta. Mimi namuuliza, katika wote waliokuja humu na mafuta ya upako na risiti, ni nani mwingine aliyemfaa mama kwa lolote?

Juzi Mugambi hakungoja Jumapili, alikuja na bisibisi.

"Hata ukisoma vitabu vyote vya dunia hii, Muthamia, kitu hiki kinatembea peke yake," akaniambia.

"Kinatembea kwa kuwa ni laini. Ndiyo kazi yake."

"Na kupanda pia ni kazi yake?"

Mugambi akainama, akaanza kufungua skrubu. Mkono wa mama ukainuka juu ya kibao, ukamkamata kifundo cha mkono. Mugambi hubeba magunia, lakini hakuweza kujinasua. Kibao kilianza kuvutwa upande ule kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona, reli zikalia, na kiti cha mama kikaburutwa mpaka mbavu zake zikagonga meza. Hapo nikaelewa kwamba mama hakuwa akimzuia Mugambi. Alikuwa amejishikilia kwake.

Kisha mama akanena. Hakututazama sisi, alitazama ng'ambo ya meza, akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya mwanamke aliye kazini: Kaari, bado haijakauka.

Kibao kikatulia.

Mugambi aliondoka akaiacha bisibisi sakafuni. Jana alasiri mama aliuweka mkono juu ya kibao yeye mwenyewe, na leo tena. Hilo ni neno lake, na lipite langu, la Mugambi na la kanisa zima. Mpigie ndugu yako umwambie Jumapili wasije.

Msalimie sana Ngari, na Carol mdogo umwambie bibi yake anamkumbuka. Mungu, ambaye mimi na yeye tunabishana lakini hatujanuniana, awafunike huko mliko.

Ulisema utakuja Desemba. Ukiweza, usingoje Desemba. Sijui kahawa ile huchukua muda gani kukauka.

Ni mimi kakako, mkali kwa wengine, mpole kwako,
Muthamia