Shingo ya Papa Modeste

Mpendwa Maman Adélaïde wa safu ya ushauri,

Kuna sauti moja haitoki masikioni mwangu: papa, marehemu baba yangu, akiimba nyimbo za misa kwa kuguna tu, midomo imefungwa, kwa sababu amebana pini za ushonaji katikati ya meno. Nilikulia chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, kule Kadutu, na sasa naomba unisaidie, maana Jumamosi ijayo tunaondoa matanga yake kwa jamaa zetu Nyangezi na picha itakayobebwa mbele ya watu nimeombwa kuichora mimi, niliyesomea uchoraji, ambaye watu wa Ibanda wananijua kwa picha za watu wenye shingo ndefu na macho yaliyofumbwa nusu, na ndivyo nilivyomchora papa, nikilia, nikidhani nimempata, hadi maman yangu aliposimama mbele ya turubai niliyochorea, akasema polepole, "Iko muzuri, Nsimire. Lakini huyu ni mutu yako. Haiko bwana yangu."

Tonton Télesphore, mdogo wake papa, aliuliza kama tulizika twiga, naye anataka ninakili picha ya kadi ya uchaguzi, ile ambayo papa amevaa koti na tai vya mpiga picha, koti moja lililovaliwa na mtaa mzima, na papa, fundi wa nguo, aliionea haya picha hiyo hadi kufa kwa jinsi mabega yalivyomkaa vibaya. Nikiacha mtindo wangu nitabaki na nini, na nikiushikilia, maman atatembea Jumamosi nyuma ya mtu asiyemjua.

Nsimire, Ibanda

Nsimire binti yangu, pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze. Wewe unataka wageni wauone mkono wako, tonton anataka waione tai, na marehemu hakuna aliyemtazama. Shingo hiyo umewavisha wangapi kabla ya papa yako? Basi nayo ni koti la mpiga picha. Usinililie kwamba utabaki bila mtindo. Mkono ni wako, hautakukimbia. Acha rangi. Chukua penseli, keti na maman yako anapochambua maharagwe, mwombe akueleze mumewe alivyokuwa akimtazama mteja, nawe uchore. Akisema sivyo, futa bila kubisha. Atakapoacha kusema na wewe juu ya mchoro, akaanza kusema na mumewe, weka penseli chini.

Maman Adélaïde,

Maman yangu alinifutisha shingo, kisha masikio, akanitania kwamba shuleni nilifundishwa kuchora watu wote isipokuwa papa. Akanieleza papa alivyoinamisha kichwa na kupima mabega ya mtu kwa jicho kabla hajashika mita. Nilipolipata jicho lile, maman aliacha maharagwe, akanyoosha mgongo, akarekebisha kitenge begani.

"Modeste, usinipime," akasema. "Nimekonda."

Niliweka penseli chini. Jumamosi tuliibeba karatasi ile Nyangezi, na turubai ile ya kwanza nimeipaka rangi nyeupe yote.