Kiapo cha Ijumaa na Malkia Wangu

Jumanne, 17 Machi 2015
Barua imefika! Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, mahakamani mjini: kula kiapo cha uraia wa Marekani. Caritas kapiga vigelegele mpaka jirani wa juu kagonga sakafu. Yeye, mke wangu, mtihani ulimshinda, atarudia. Kwa hiyo ni juu yangu. Nikiapa sasa, binti yetu Irakoze anapata uraia pamoja nami, maana hajafika miaka kumi na minane. Anafika tarehe 2 Aprili. Mungu anajua kupanga kalenda!

Alhamisi, 19 Machi
Nimesoma maneno ya kiapo, Irakoze akinitafsiria. Nimkane kila mfalme, mtawala na nchi ya kigeni. Nikauliza: na Papa je? Akacheka — halafu akafungua daftari lake la shule. Kumbe shuleni anaandika juu ya watu wa namna hiyo hiyo. Wakatoliki wa Uingereza, miaka mia nne nyuma, chini ya mfalme Mprotestanti. Wachache walitaka kumlipua, basi akataka wote waape kwamba watamtii na kwamba Papa hawezi kumng'oa. Wengi walimpenda mfalme wao kweli, na Papa wao pia. Papa akakataza. Mkuu wa mapadri wao, mzee, akaapa. Akavuliwa cheo.

Na mimi ndiye mkuu wa Lejio ya Maria, chama chetu cha sala kanisani, hapa mtaa wa Iroquois. Chai ilipoa mkononi.

Jumapili, 22 Machi
Leo Lejio tumejiweka wakfu upya, kama kila mwaka. Mmoja mmoja, mkono kwenye bendera ya Lejio, unamwambia Bikira Maria kuwa wewe ni wake mzima, yeye malkia wako. Nimesema kwa sauti. Na Ijumaa niseme simtii mtawala mwingine!

Medard, katibu wetu, kanivuta pembeni kwenye parking. Eti nikiapa nirudishe bendera, yaani niache uongozi. Yeye barua yake ya kiapo kaitupa kwenye droo, haendi. Nikamwambia asinitishe. Kanuna, nami nikanuna. Ila baadaye mezani kwetu, kwa maharage ya Caritas, huwezi kununa mpaka mwisho.

Nimemuuliza Padri, Mmarekani, kakuna kichwa. Hajawahi kuulizwa hilo. Kasema Papa ni wa imani, hakuna anayetaka umkane. Na Malkia je, nikauliza? Akacheka tu, akanipa mkono.

Jumatano, 25 Machi
Dada yangu Florida kapiga simu kutoka Buffalo. Yeye aliapa mwaka jana. Nikamuuliza: na neno lile la kukana watawala? Hakulisikia, alikuwa analia!

Leo kazini, nikifunga maboksi, nimewatafuta kichwani hao watawala wa kuwakana. Burundi nilitoka mgongoni mwa mama. Tanzania walitugawia mahindi, wakatuhesabu miaka na miaka, hawakuniita mtu wao. Sina wa kumkana! Aliyeniita wake ni Malkia peke yake, ndani ya kanisa la turubai kule kambini Mtabila. Ndiyo maana naogopa. Si Papa. Naogopa kumuudhi yeye.

Irakoze kasema tu: fanya unavyoona, Baba. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 27 Machi
Niko mahakamani. Bado hawajaanza, naandika gotini. Suti inabana. Mlangoni wamechukua kadi yangu ya kijani, ile ya ukaazi, hairudi tena. Cheti cha uraia ni baada ya kiapo. Kwa hiyo sasa hivi, kwenye kiti namba 41, sina nchi hata moja. Niko na Malkia tu. Na ajabu, sina hofu. Nina raha, kama mtu aliyeshiba.

Safu mbili mbele, kisogo kile cha nani? Medard! Na tai shingoni! Kageuka, kaniona, kajifanya anasoma kibendera alichopewa. Nimecheka mpaka mama mmoja Mnepali kanitazama.

Caritas na Irakoze wamekaa nyuma. Wananifanyia ishara nifunge daftari.

Jaji kaingia. Wote wamesimama, nami nimesimama. Anasema tunyanyue mkono wa kulia. Medard kanyanyua. Wangu bado umeshika kalamu —