Kadi Tatu Ndani ya Kofia ya Baba

Mtaa wa Susquehanna,
Filadelfia Kaskazini.
Jumapili, 6 Novemba 1983.

Mpendwa mdogo wangu Lemuel,

Salamu nyingi kutoka nyumba ile ile uliyoiacha. Mlango ni ule ule, rangi tu ndiyo nyingine. U hali gani huko Toronto? Wifi yangu Marguerite hajambo? Na Corinne, meno yake ya mbele yameshaota? Picha yenu ya Pasaka nimeiweka juu ya redio. Mtoto ana paji la uso la Mama. Ningependa kuligundua hilo kwa kumshika uso, si kwa picha.

Mimi ni mzima, ila mgongo. Duka la dobi nililolianza kwa pasi moja sasa lina mashine kumi na moja, na hakuna mwanamume wa ukoo huu aliyenisaidia kuvusha hata moja kizingitini. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa kuwa ni kweli.

Baba hajambo kidogo, na hiyo “kidogo” ndiyo iliyonikalisha niandike. Tangu kiharusi cha Septemba upande wake wa kulia haumtii, na ile sauti iliyokuwa ikitikisa vikombe kabatini sasa hutoa maneno mawili matatu kwa siku nzima. Daktari anasema kiharusi cha pili kikija hakitapiga hodi. Nilikuandikia haya mwezi ule ule. Ukaleta kadi yenye maua.

Jumamosi iliyopita nilimsukuma kwa kiti chake hadi kwa Bwana Purvis akanyolewe. Wazee walikuwa wamemkutanisha kwa maneno bondia wa zamani, Marciano, na huyu bingwa wa sasa, Holmes. “Mikono inchi sitini na nane!” mmoja akapiga kelele. “Huyo Marciano wako angemfikia Holmes kwa ngazi!” Bwana Purvis hakuinua hata macho: “Basi ngazi hiyo kaipanda mara arobaini na tisa, na hajaanguka hata moja. Wewe jana umeanguka kwenye ngazi za kanisa.” Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Kisha, kwa mazoea, wote wakamgeukia Baba: “Haya, Mzee Cobb, amua!” Lem, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Bwana Purvis akaweka mkasi chini.

Nilipokuwa namrudisha nilikuwa nazisikia Jumapili zetu masikioni. Kuku kwenye kikaango, Mama anatufukuza tusichote kabla ya wakati, na Baba amesimama na taulo begani anatangaza pambano la ngumi la kubuni, ambalo dunia haikuwahi kuliona. Kengele ni kifuniko cha sufuria. Dakika tatu kwa saa ya jiko, bila kuzidisha hata sekunde. Jack Johnson na Dempsey. Liston na Louis. Hakuwahi kudanganya kipimo: uzito, kimo, urefu wa mikono, vyote vilitoka kwenye magazeti yake, na nikimkosoa kwa nusu inchi alikuwa akirudia raundi. Sisi watatu, Baba, wewe na mimi, ndio majaji, kila mmoja na kadi yake aliyoikata kwenye boksi la uji wa shayiri. Raundi ikiisha unaandika, unakunja, unairudisha kwenye kofia ya Baba. Hakuna kuchungulia ya mwenzako mpaka kengele ya mwisho. Naitamani kelele ile kuliko ninavyotamani usingizi, na mimi ni mtu nisiyelala vya kutosha.

Pambano la mwisho unalikumbuka. Februari 1970, Louis wa mwaka thelathini na nane, ratili mia moja tisini na nane. Ali wa mwaka sitini na sita, ratili mia mbili kumi na mbili, mikono inamzidi mwenzake inchi mbili. Barua ya kukuita jeshini ilikuwa mezani, chini ya chupa ya pilipili, na hakuna aliyeitaja. Hakukuwa na haja. Baba alivaa sare vitani kama Louis alivyoivaa. Wewe ulikuwa na picha ya Ali kitandani, Ali aliyekataa kwenda Vietnam wakamvua ubingwa.

Raundi ya kumi na tatu Baba akamwangusha Ali. Akamhesabia mpaka nane. Ukaruka kitini: “Unamlaza kusudi, mzee! Humwezi aliyesema hapana!” Naye: “Mtu akiitwa, huenda.” Nawe: “Ali aliitwa, akasimama pale pale. Kusimama nako ni kupigana!” Raundi ya kumi na nne aliitangaza kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mahakama. Tukaandika, tukakunja. Aliposhika kifuniko apige kengele ya kumi na tano, wewe ulikuwa tayari na koti. Kuku hakuliwa. Nilimpeleka kwa majirani.

Mama alipozikwa mwaka sabini na nne nilikutetea mbele ya ukoo wote, maana ungekanyaga mpaka tu wangekufunga. Lakini Januari sabini na saba Rais aliwasamehe wote mliokimbia jeshi. Nimehesabu: ni miaka sita na miezi kumi. Basi la Toronto huja hapa kupitia Buffalo kila siku ya Mungu. Sababu iliisha, Lem, ukabaki nayo tu kama mtu anayebaki na tiketi ya nguo ambayo keshaichukua.

Sasa nikuambie cha juzi. Baba alikuwa akinyoosha mkono wake mzima kuelekea juu ya kabati la jikoni. Nikadhani anataka kofia ya kanisani, ile ya kahawia aliyoacha kuivaa tukadhani imemchosha. Nikapanda kiti, nikaishusha. Ndani yake, vumbi la miaka kumi na mitatu, na kadi tatu zilizokunjwa.

Najua sheria. Lakini mimi nikiona namba lazima nizijumlishe. Nilifungua ya Baba, mbele yake, na hakunizuia. Louis, raundi sita. Ali, nane. Nikajumlisha mara tatu kwa kidole. Raundi ya kumi na tatu kampa Louis, ndiyo, maana alimwangusha. Ya kumi na nne, baada ya maneno yale yote, kampa Ali. Ilikuwa ya nane.

Nane kati ya kumi na tano, mdogo wangu. Ulipovaa koti, mtu wako alikuwa ameshashinda kwenye kadi ya baba yako.

Nikamwambia, “Baba, nane zinatosha. Ali kashinda.” Akagonga meza kwa kiganja. “Bado moja,” akasema. Nikaeleza upya, kama ninavyowaeleza wateja, kwamba iliyobaki haiwezi kubadili kitu. Akagonga tena. “Bado moja.”

Basi nikajaribu. Nilichukua kifuniko, nikagonga, nikaanza kutangaza. Lem, mimi natangaza ngumi kama mtu anayeita namba za mashati. Nilipofika nusu dakika Baba alikuwa amefumba macho, na si kwa usingizi. Sauti yake hapa duniani iko kooni mwako tu. Ulikuwa ukimwiga chooni mpaka Mama akidhani ni yeye.

Sikukuu ya Shukrani ni tarehe ishirini na nne. Zimebaki siku kumi na nane. Mimi sikuombi uombe radhi, wala yeye simwombei. Hilo mtalimaliza wenyewe au mtaliacha. Naomba dakika tatu tu, za raundi iliyobaki. Kuku nitakaanga mimi, na safari hii ataliwa.

Shangazi Euphemia anakusalimu, na anasema bado una bakuli lake. Bwana Purvis anasema kunyoa kwako ni bure, kama nywele zimebaki. Mbusu Corinne paji la uso kwa niaba yangu, na umwambie Marguerite aje na makoti mazito, nyumba hii ina upepo.

Mungu akulinde barabarani, akizuie hicho kiharusi kingine mpaka ufike.

Ni mimi dada yako, niliyekasirika na kukupenda bila kupumzika,
Vernelle

Nimesahau: kadi nimezirudisha kofiani, na kofia iko mezani. Yako sikuifungua.