Siku Babu Yako Alipokata Paa la Gari

Kulwa mjukuu wangu, mwangaluka! Huku Bariadi tu wazima. Pacha wako Doto amevuna pamba nyeupe, na babu yako bado anagombana na kikohozi.

Unauliza kama kweli alikata paa la gari zuri. Kweli kabisa. Ni miaka ile biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, nami mama kijana, baba yako Masanja mgongoni. Mnunuzi mmoja wa pamba alipindua gari lake la mbio la milango miwili, paa likabonyea. Akamwambia babu yako, fundi wa kuchomelea, "Liache wazi juu, limbebe binti yangu siku ya harusi."

Babu yako akakuna kichwa. "Nikikata paa, litapinda kiuno, milango isifunge. Linataka vyuma chini."

"Baba Masanja, si kuna vya mkokoteni wetu?"

"Na pamba yetu tutabebea nini?"

"Kichwani."

Akavichomelea chini kwanza, ndipo akakata juu. Majirani wakacheka: "Mama Masanja, mumeo kapasua gari kama boga!"

Siku ya harusi bibi harusi alisimama humo, ngoma mbele, akapitishwa kwenye mashimo yote ya Bariadi. Waliporudi nikasukuma mlango mbele ya majirani wale wale. Ukafunga kwa kidole kimoja! Nikapiga kigelegele mpaka baba yako akaamka.

Msimu ule nilibeba pamba kichwani, na sikusikia uzito.

Wabeja kwa kuniuliza, mjukuu wangu. Mpaka leo wananiita Mama Boga, nami naitika.

Bibi yako